Aliyefungwa kwa kunajisi mtoto amerudi mtaani: nitie sahihi ahamishwe?

BARUA

Asalaam aleikum Somo,

Mume wangu ni dereva wa trela, hubeba makontena kutoka bandarini mpaka Malaba na mara nyingine huvuka hadi Kampala, kwa hivyo nyumba naishika mie. Tunakaa Kisauni, tumepanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili. Nina wasichana wawili, mmoja ana miaka 11 na mwingine 8, na mvulana ambaye bado ananyonya.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu alirudi mtaani mtu aliyekuwa amefungwa Shimo la Tewa kwa kumnajisi binti wa jirani. Wakati ule yule binti alikuwa na miaka 13. Sasa ni mke wa mtu, na anaishi hapa hapa mtaani. Mahakama ilimpa miaka 20, nasi tukajua tumepumzika naye. Kumbe alirudi mahakamani akapunguziwa. Sasa yuko kwa mamake, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na ukitoka kibarazani kwao unaona mlango wa madrasa wanayosoma wanangu. Mamake ni mzee, huuza mbaazi na mahamri asubuhi. Siku hizi hakuna anayenunua.

Somo, mtaa hautulii. Picha yake imerushwa kwenye grupu ya WhatsApp na maneno ya kutisha chini yake. Vijana wanasema wataitia moto nyumba. Wazee wameandika barua ya kumtaka chifu amhamishe, wanakusanya sahihi, na mkutano ni Jumapili baada ya Alasiri. Mdogo wangu anayeishi Minnesota, Marekani, ananiambia kwao mtu kama huyu haruhusiwi kukaa karibu na shule, na picha na anwani yake huwekwa mtandaoni kila mzazi aione. Akaniuliza kwa nini sisi hatuna sheria kama hiyo. Sikuwa na jibu.

Mie naogopa kweli. Binti yangu mdogo amebadilika kabisa. Tangu shule zifunguliwe mwezi wa kwanza analia kila asubuhi, amerudia kukojoa kitandani, na hataki kupanda tuktuk ya shemeji yangu anayewapeleka shule. Mpaka nimbembeleze, siku nyingine nimchape. Nadhani anamwogopa huyu mtu, maana tuktuk hupita mbele ya mlango wake. Dada yake yeye hasemi kitu, yuko kimya tu.

Nitie sahihi ile barua? Na je, hakuna sheria ya kumweka mbali na madrasa?

Mama Wasichana, Kisauni

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu,

Kabla ya chifu na kabla ya Marekani, tuzungumze kwanza habari za binti yako wa miaka minane.

Umeniambia mtu huyu alirudi mwishoni mwa mwezi wa tatu. Umeniambia pia kwamba mtoto alianza kulia na kukojoa kitandani mwezi wa kwanza. Yasome tena maneno yako mwenyewe. Mtu yule alipokuwa bado Shimo la Tewa, mtoto wako tayari alikuwa na jambo linalomtesa. Kwa hivyo halikuanzia kwenye kibaraza cha jirani.

Simtuhumu shemeji yako, na wewe usimtuhumu bado. Mtoto hukojoa kitandani kwa sababu nyingi: mwalimu mkali, wenzake wanaomwonea, hata ndugu mchanga aliyechukua mapaja ya mama. Lakini mtoto anayekataa gari moja, la mtu mmoja, na kukubali kuchapwa kuliko kulipanda, anasema jambo, na hana maneno mengine ya kulisemea. Acha kumchapa. Kesho asubuhi tafuta njia nyingine ya kuwafikisha shule, hata kama ni kumfunga mdogo mgongoni uwapeleke kwa miguu. Kwa shemeji sema tu kwamba utakuwa ukiwapeleka mwenyewe kwa muda. Huna haja ya kueleza zaidi.

Kisha mpe mtoto nafasi ya kusema. Usimweke kitako kama hakimu. Wakati mnasukana nywele au mnachambua mchele, mwambie umeona hana raha na tuktuk, na kwamba safari hii hutamchapa wala kumgombeza kwa lolote atakalosema. Usimtajie jina la mtu, usimuulize "ni fulani amekushika?" Muulize huwa kunatokea nini njiani, nani huteremka kwanza, nani hubaki, anakaa wapi. Ukimtilia maneno mdomoni, mahakama itakuja kuuliza maneno yale ni ya nani, na mtoto mwenyewe atachanganyikiwa. Akikwambia jambo zito, usipige mayowe. Mwambie unamwamini na kwamba hakukosa kitu. Muulize na dada yake pia, peke yake, siku nyingine. Kimya cha yule wa miaka 11 hakinipi utulivu hata kidogo.

Likiwa ni lile tunaloliogopa, mpeleke Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara. Kuna kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kijinsia, na wamezoea watoto. Kama ni jambo la juzi au jana, usimwogeshe, na nguo usizifue, zitie kwenye karatasi au bahasha ya khaki. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zafaa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Daktari atajaza fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, na polisi watakupa fomu ya P3, ya daktari kuandika majeraha kwa ajili ya kesi. Kama ni jambo la miezi, nenda vile vile. Kituoni ulizia dawati la jinsia, na umtafute afisa wa watoto. Ukishindwa pa kuanzia, piga 116, simu ya kuwasaidia watoto. Ni bure, na hupokelewa mchana na usiku.

Na hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu nimekaa sana na kina mama wenye kesi kwenye mahakama ya watoto ya Tononoka: wakwe wakikuita kitako na kukwambia ni mambo ya nyumbani, tusitiriane, shemeji atalipa gharama za hospitali yaishe, usikubali. Sitara ni ya mtoto. Kesi ya makosa ya kingono haiwezi kufutwa na baba mkwe wala mzee wa mtaa. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka uko mikononi mwa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali. Anayemaliza kesi ya mtoto kwa bahasha, chini ya mwembe, anafanya asichokuwa na mamlaka nacho.

Nimelitanguliza hili kwa sababu jibu la maswali yako yote mawili limo humo humo.

Sasa huyu jirani. Kenya tuna sheria, na ni kali. Sheria ya Makosa ya Kingono ilipitishwa mwaka 2006, kutokana na mswada uliopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa na leo jaji wa Mahakama ya Juu. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha. Mtoto wa miaka 12 hadi 15 ni kifungo kisichopungua miaka 20, na wa miaka 16 hadi 18 kisichopungua 15. Unashangaa alivyopunguziwa. Mwaka 2022 majaji wa Mahakama Kuu, Machakos na hapa Mombasa, walisema si haki kumfunga hakimu mikono kwa vifungo vya chini vilivyopangwa tayari, na wafungwa wakarudi mahakamani kuomba hukumu mpya. Julai 2024 Mahakama ya Juu ikasema vifungo vile ni halali. Yawezekana jirani yako alipita mlango ule kabla haujafungwa. Wengine hutoka kwa punguzo la theluthi moja ambalo mfungwa mwenye nidhamu hupewa gerezani.

Kifungu cha 39 cha sheria hiyo hiyo kinamwagiza Msajili wa Mahakama Kuu kuweka daftari la waliohukumiwa kwa makosa ya kingono. Kwa hivyo mwambie mdogo wako daftari lipo kisheria. Kifungu hicho pia kinairuhusu mahakama kumtangaza aliyemdhuru mtoto kuwa mhalifu hatari wa kingono, na kuamuru kwamba akitoka kabla ya kumaliza kifungo, muda uliobaki auishi chini ya uangalizi: asifike mahali fulani, asitafute kazi inayomkutanisha na watoto, ahudhurie mafunzo ya kumrekebisha. Na mtu aliyewahi kuhukumiwa akiomba kazi ya kulea au kusimamia watoto na asiseme habari ya hukumu yake, hilo peke yake ni kosa linaloweza kumrudisha jela.

Kitu ambacho hatuna ni sheria ya kupima hatua kutoka shuleni. Katiba, ibara ya 39, inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Chifu hana uwezo wa kumhamisha mtu aliyekwisha kutumikia kifungo. Mahakama ndiyo inayoweza kumwekea masharti, kwa njia niliyokueleza.

Sasa twende huko Marekani, maana mdogo wako ana haki ya kujibiwa vizuri.

Sheria zile zilizaliwa na misiba. Oktoba 1989, huko huko Minnesota, mtoto wa miaka 11 aliyeitwa Jacob Wetterling alitekwa na mtu aliyejifunika uso. Mwaka 1994 ikapita sheria ya nchi nzima yenye jina lake, ya kutaka kila jimbo liwe na daftari. Mwaka huo huo New Jersey, Megan Kanka wa miaka saba aliuawa na jirani wa ng'ambo ya barabara aliyekuwa na hukumu mbili za nyuma, na wazazi wake hawakujua. Ndipo ikaja Sheria ya Megan, ikafanywa ya nchi nzima mwaka 1996: daftari lisibaki kwa polisi, umma uambiwe. Mama wa Megan alisema angalijua, binti yake angalikuwa hai. Sina la kumjibu mama yule, na sidhani kuna mtu anayeweza kumjibu.

Leo madaftari yale yana watu zaidi ya 700,000. Na baada ya miaka yote hiyo wasomi wamehesabu. J.J. Prescott na Jonah Rockoff walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa majimbo 15. Waligundua kwamba polisi wakijua mtu yuko wapi, makosa hupungua, hasa dhidi ya watu anaojuana nao. Lakini anwani na picha zikitangazwa kwa umma, waliomo daftarini huelekea kurudia zaidi. Mtu aliyenyimwa kazi, nyumba na salamu hana tena la kupoteza.

Sheria za umbali ndizo zilizoshindwa waziwazi. Hizi si za nchi nzima, ni za majimbo na miji. Iowa iliwakataza kukaa ndani ya futi 2,000 kutoka shule au kituo cha watoto wadogo, yaani kama mita 600. Mwaka 2006 waendesha mashtaka wa jimbo lile, watu ambao kazi yao ni kuwafunga wahalifu hawa, walitoa tamko kwamba sheria hailindi watoto: watu wanapoteza makazi, wanadanganya anwani, wanapotea machoni mwa polisi. Mwaka 2009 jimbo likailegeza. Miami walikaza hadi futi 2,500, na kwa miaka kadhaa kukawa na kijiji cha mahema chini ya daraja la Julia Tuttle, kwa kuwa ndiko kulikobaki. California walipiga kura mwaka 2006 kupitisha futi 2,000. Mwaka 2015 mahakama ya juu ya jimbo ikasema sheria ile, ilivyokuwa ikiwabana kwa jumla waliokuwa kwenye uangalizi San Diego, inavunja katiba, kwa sababu inawafukuza majumbani na kuwafanya wagumu kufuatiliwa.

Na Minnesota anakoishi mdogo wako? Jimbo halina sheria ya umbali ya jumla, ni baadhi ya miji tu. Daftari la mtandaoni la idara ya magereza huonyesha wale wa ngazi ya tatu, walioonekana hatari zaidi, si wote. Walipofikiria kuweka umbali, idara hiyo iliwachunguza watu 224 waliotoka jela wakarudia kosa la kingono wakafungwa tena. Matokeo yalitoka mwaka 2007: hakuna hata tukio moja ambalo sheria ya umbali ingalilizuia. Waliowadhuru watoto mara nyingi walifika kwao kupitia watu, kwa mfano mama wa mtoto waliyekuwa na uhusiano naye. Mtoto hakupatikana kwa sababu ya nyumba kuwa karibu na shule.

Tafadhali mtumie mdogo wako aya hiyo.

Kuna hesabu nyingine inayonikosesha usingizi zaidi. Katika jimbo la New York, watafiti waliangalia zaidi ya miaka ishirini ya watu kukamatwa kwa makosa yanayomwingiza mtu daftarini. Zaidi ya asilimia 95 ya waliokamatwa hawakuwa na hukumu ya nyuma ya kosa la aina hiyo. Hawakuwa daftarini. Mzazi angaliisoma orodha yote, majina yao asingaliyaona. Na katika ripoti ya serikali ya Marekani ya mwaka 2000, kwa watoto ambao kesi zao zilifika polisi, 93 katika kila 100 walikuwa wanamjua aliyewadhuru. Thelathini na nne alikuwa wa familia. Waliobaki alikuwa rafiki, jirani, kocha, mwalimu, mtu wa nyumbani.

Nayajua mabishano ya upande wa pili. Takwimu za kurudia kosa huonekana ndogo: serikali yao iliwafuatilia kwa miaka tisa wafungwa wa makosa ya kingono waliotoka jela mwaka 2005, na asilimia 7.7 walikamatwa tena kwa ubakaji au shambulio la kingono. Lakini kukamatwa si kutenda, watoto wengi hawasemi, kwa hivyo idadi ya kweli iko juu ya hapo. Ndiyo sababu sikuambii jirani yako ni salama. Nakwambia umbali wa nyumba yake na madrasa haupimi hatari yake, na macho ya mtaa mzima yakiwa kwa mtu mmoja, wengine wanapita.

Kazi moja ya madaftari yale sisi watu wa Pwani tungepaswa kuishikilia. Mwaka 2016 Marekani ilipitisha sheria ya kuzijulisha nchi nyingine pale mtu aliyehukumiwa kwa kumdhuru mtoto anaposafiri, na pasipoti yake huandikwa hivyo ndani. Mwaka 2006 UNICEF na serikali yetu walikadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa mwambao wetu, kutoka Malindi hadi Diani, walikuwa wakitumiwa kingono kwa malipo, na wageni walikuwa sehemu ya wateja. Wateja wengine walikuwa watu wa hapa hapa. Ningependa hasira ya Jumapili ifike mpaka ufuoni pia.

Turudi mtaani. Hao vijana wa moto wakanywe leo. Kuchoma nyumba ni jela, na ndani yumo mama mzee. Uingereza mwaka 2000, baada ya mtoto Sarah Payne kuuawa na gazeti kuchapisha majina na picha za wahalifu, watu wa Paulsgrove, Portsmouth, walizunguka usiku baada ya usiku na kushambulia nyumba, na miongoni mwa waliokimbia walikuwa watu wasio na kosa lolote. Waingereza baadaye walijenga njia nyingine: tangu 2011 mzazi wa Uingereza na Wales anaweza kwenda polisi kuuliza habari za mtu fulani aliye karibu na mtoto wake, na polisi wakiona kuna hatari humwambia yeye, kwa siri. Sheria hiyo huitwa kwa jina la Sarah. Kama kuna kitu cha kuiga kutoka nje, mimi ningeanza na hicho, na ningependa mbunge wenu aulizwe.

Halafu ile picha kwenye grupu. Umeniambia binti aliyedhulumiwa sasa ni mke wa mtu na anaishi hapo hapo. Je, kuna aliyemuuliza? Kila picha ya mtu yule inayorushwa, watu huuliza "alimfanyia nani?", na jina la binti hutajwa, na watoto wake wataliona. Alisimama mbele ya hakimu akiwa mdogo akasema yaliyompata, jambo ambalo watu wazima wengi hawaliwezi. Mtaa unamlipa kwa kumvua tena. Mwendee, wewe na mwanamke mwingine anayemwamini, mumuulize anahitaji nini. Huenda anataka mtu yule asipite mlangoni kwake. Huenda hataki lolote ila picha ifutwe. Kama mtu yule anamtisha au kumfuata, hilo ni la polisi siku hiyo hiyo, na mawakili wa FIDA, chama cha mawakili wanawake chenye ofisi Mombasa, watamsaidia. Mahakama ya Shanzu nayo, tangu 2022, ina kitengo maalumu cha kesi za dhuluma za kingono na kijinsia, cha kwanza nchini.

Kuhusu sahihi: usitie kwenye barua ile. Inamwomba chifu jambo asiloliweza, na ikifanikiwa mtu atahamia Likoni au Mtwapa, kwenye madrasa nyingine ambayo hakuna anayemjua. Hapo kwenu angalau mnamjua.

Pelekeni barua nyingine, kwa afisa wa probesheni. Ulizeni kama mahakama ilimwekea amri ya uangalizi, ina masharti gani, na nani anamfuatilia. Kama hakuna, ulizeni yeye anaweza kufanya nini. Chifu na mzee wa mtaa wafanye kazi iliyo ndani ya uwezo wao: kumwita mtu yule na mamake, mbele ya imamu, waelewane kwa maandishi kwamba hatatuma mtoto dukani, hatamwita mtoto kibarazani, hataingia madrasa wala kujitolea kazi yoyote ya watoto, na kwamba kuna watu watatu au wanne wazima wa kiume watakaomtembelea kila wiki, wajue anakula nini, anafanya kazi gani, anakunywa nini. Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1994 kanisa moja la Wamenno huko Hamilton, Kanada, lilimzunguka hivyo mtu ambaye mji mzima ulimwogopa. Minnesota wakaiga, wakajaribu kwa kulinganisha waliozungukwa na wasiozungukwa, na kukamatwa tena kwa kosa la kingono kukapungua kwa asilimia 88, ingawa waliofuatiliwa hawakuwa wengi. Mtu anayetembelewa na kuulizwa maswali ana nafasi ndogo ya kujificha.

Na mama yake, mwanangu, hakumnajisi mtu. Nunueni mahamri yake. Nyumba yenye njaa na chuki haimtulizi mtu wa namna ile. Kama mnahofia watoto kwenda pale, nendeni nyinyi wakubwa.

Kikao cha Jumapili kisiishe kwa mtu mmoja. Simama useme kwamba madrasa ni yetu na haina kanuni. Mlango wa darasa uwe wazi wakati wote. Mwalimu asibaki na mtoto mmoja peke yake. Kila ustadhi, kila mwalimu wa tuisheni na kila dereva wa tuktuk anayebeba watoto alete cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi. Cheti hicho hakitawaonyesha wale ambao hawajawahi kushtakiwa, na umeona kwamba hao ndio wengi, kwa hiyo mlango wazi una nguvu kuliko karatasi. Wazee watakwambia unawavunjia watu heshima. Wajibu kwamba ustadhi mwema hapungukiwi kitu kwa kufundisha mlango ukiwa wazi.

Mume wako mpigie leo, popote alipo njiani. Shemeji ni ndugu yake, na likizuka jambo, maneno ya kwanza asiyasikie kutoka kwa mamake. Mwambie ulichokiona kwa mtoto na tarehe zake tu, bila hukumu. Mwambie pia kwamba tuktuk imesimama mpaka mjue.

Mtoto ndiye wa kwanza. Mkutano unaweza kufanyika bila wewe, barua inaweza kungoja wiki. Mazungumzo na binti yako yasingoje Jumapili. Na kama utamsikiliza na ukaona mwenyewe huyawezi aliyokwambia, hata ikiwa ni saa nane ya usiku, nambari ni 116.

Somo wako